Kozi ya mtandaoni ya mnyororo baridi: watu wanafaulu, chanjo bado zinaganda

Mkuu, umesema una slaidi 70 za mnyororo baridi (kutunza chanjo kwenye baridi sahihi kutoka ghalani hadi kwa mchanjwaji) kwa watoa huduma wa zahanati, umezipandisha Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, na karibu wote wanafaulu jaribio la mwisho. Wasimamizi wakifika vituoni wanakuta friji limegandisha chanjo na hakuna hatua iliyochukuliwa. Unauliza uongeze video au maswali. Usiongeze kitu kwanza. Kozi yako inapima kumbukumbu, wakati kazi ya mtu aliyesimama mbele ya friji ni kuamua.

Chukua ripoti za usimamizi shirikishi, orodhesha makosa yaliyoonekana, kisha kwa kila kosa jiulize: huyu hajui, au anajua ila hana nyenzo? Kituo kisicho na kifaa cha kurekodi joto hakisaidiwi na kozi hata iwe nzuri vipi. Hayo mpelekee mratibu wa chanjo wa wilaya. Yatakayobaki ni maamuzi manne au matano, na hayo ndiyo kozi yenyewe. Aina za friji na malengo ya mpango wa taifa viweke kwenye PDF, asome anayetaka.

Kwenye maswali ndipo pa kutumia muda wako mwingi. "Chanjo huhifadhiwa nyuzi joto ngapi?" Kila mtu atajibu 2 hadi 8, anayeijua kazi na asiyeijua. Liandike kama kisa:

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kifaa kinasoma 4°C, lakini historia yake inaonyesha alamu ya baridi Jumamosi usiku: joto lilishuka hadi -1.8°C kwa saa mbili. Ndani kuna chanjo za pentavalenti (ya magonjwa matano), Td (ya pepopunda na dondakoo) na surua-rubela. Huoni barafu kwenye kichupa chochote. Akina mama wameshafika. Unafanya nini?
A. Naendelea kuchanja, joto limesharudi sawa.
B. Natenga pentavalenti na Td kwa jaribio la kutikisa na kutoa taarifa. Surua-rubela naendelea nayo.
C. Natenga chanjo zote na kuahirisha kliniki.

Vipotoshi A na C, yaani majibu yasiyo sahihi, visitoke kichwani mwako. Viokote kwenye makosa yaleyale ya ripoti, maana kila kimoja lazima kiwe kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hukifanya akiwa na haraka. Majibu matatu yanatosha. Michael Rodriguez alichambua tafiti za miaka 80 na mwaka 2005 akafikia hapohapo. La nne kwa kawaida ni la kujazia tu.

Mrejesho usiseme "si sahihi, jaribu tena". Aliyechagua A aelezwe kinachotokea: pentavalenti na Td zina chumvi ya alumini, zikiganda chembe zake hushikana na nguvu ya chanjo hupotea, hata kama kichupa kikiyeyuka kinaonekana kizima. Mtoto anachomwa sindano na hapati kinga. Aliyechagua C aambiwe kwamba surua-rubela haiharibiwi na kuganda, kwa hiyo amewarudisha watoto nyumbani bila sababu. Mweleze pia kwa nini kifaa kililia: vingi vimepangwa kutoa alamu joto likikaa -0.5°C au chini kwa dakika 60, au likizidi 8°C kwa saa 10.

Hatua za jaribio la kutikisa, yaani kutikisa kichupa ili kubaini kama chanjo iliganda, usizidai kichwani. Ziweke kwenye ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, na ndani ya kozi mpe ukurasa huohuo autumie kujibu.

Picha ziwe za kifaa kinachotumika vituoni kwenu, karibu kabisa, namba zisomeke. Upana wa pikseli 800 unatosha, chini ya KB 100 kila moja. Sauti ya kusoma maneno yaliyoko kwenye slaidi iondoe, inamchelewesha msomaji na kumlia bando. Iache pale tu inapofundisha: pakiti ya barafu iko tayari kuwekwa kwenye kibebeo ukiitikisa na kusikia maji yanacheza ndani. Hiyo irekodi. Sauti ya mono ya kbps 48 ni kama KB 360 kwa dakika. Video ya kbps 500 inafika karibu MB 4 kwa dakika hiyohiyo.

Kwa upande wa Moodle, hamisha kozi kama SCORM 1.2 (muundo wa kufungasha kozi ili mfumo kama Moodle uisome), si SCORM 2004, kwa sababu Moodle yenyewe inaisaidia 1.2. Faili la imsmanifest.xml liwe juu kabisa ndani ya zipu. Ukizipu folda nzima badala ya vilivyomo ndani yake, kifurushi kitakataliwa. Kumbuka pia 1.2 inahifadhi herufi 4,096 tu za kumbukumbu ya mahali mtu alipofikia. Kozi ndefu ikijaza nafasi hiyo, mtu akirudi anaanzia mwanzo, nawe utalaumu mtandao bure. Dawa ni kuikata: kisa kimoja, kifurushi kimoja, dakika 5 hadi 7. Halafu hakikisha hali inayotumwa na kozi, iwe imefaulu au imekamilika, ndiyo uliyoiwekea alama kwenye masharti ya ukamilishaji. Zikipishana, mtu anamaliza na Moodle inaonyesha bado.

Baada ya wiki moja, kisha ya wiki tatu, tuma kisa kipya kimoja kwa WhatsApp, chenye kifaa kilekile na chanjo tofauti. Kisipofanana kabisa na cha kwanza ndipo utajua kama wanafikiri au wamekariri herufi B.

Alama za jaribio ziache kwenye ripoti ya utawala. Kipimo chako ni chati za joto za miezi mitatu kabla na mitatu baada: kati ya alamu zote za baridi, ngapi zina maelezo ya hatua iliyochukuliwa, tarehe, na saini. Mwombe msimamizi azipige picha anapopita kituoni, kwa sababu chati zikijaa mara nyingi huishia kabatini na huzipati tena.