Kamomili kwa mama asiyepata usingizi

Dada yangu wa Jinja, umeuliza kama chai ya kamomili itamsaidia mama yako kulala, naye anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku. Poleni kwa kukesha. Kwa hali yake, mimi ningemzuia kwanza: kamomili inaweza kuongeza nguvu ya warfarini, akavuja damu hata ndani ya mwili. Tafadhali mwulizeni daktari wake kabla ya kikombe cha kwanza.

Wewe mwenyewe, kama hutumii dawa za namna hiyo na huna mimba, inywe. Maua makavu kijiko kimoja au viwili vya chai, maji yaliyochemka, kisha funika kikombe dakika 5 hadi 10, maana mafuta yake yenye harufu hupotea na mvuke. Hutuliza taratibu, usitarajie nguvu ya vidonge vya usingizi. Kama alizeti inakudhuru, iache kamomili, ni ukoo mmoja.

Kwa mama, anzeni kwa kumpunguzia chai ya majani. Ina kafeini, inayofukuza usingizi, na hapa Uganda wengi wetu twainywa hadi usiku. Jioni mpeni maziwa ya moto badala yake.