Ile sm 20 si jibu: uga sifuri na potenshali sifuri kwa +8 na −2

Mkuu, kwa chaji zako, +8 µC (maikrokulombi) pale x = 0 na −2 µC pale x = sm 30, hesabu ya kutafuta mahali uga wa umeme (nguvu kwa kila chaji) ni sifuri imekupa sm 20 na sm 60, ukachagua 20 kwa kuwa iko katikati. Kosa liko hapo.

Chora mishale kwanza, mlinganyo baadaye. Weka chaji chanya ya majaribio katikati: +8 inaisukuma kulia, −2 inaivuta kulia. Mishale ya upande mmoja haifutani hata ikilingana urefu. Kushoto kwa +8 mishale inapingana, lakini huko uko karibu na chaji kubwa na mbali na ndogo, kwa hiyo ndogo haifui dafu. Inabaki kulia kwa −2. Ukiita umbali kutoka −2 kuwa d:

8/(30 + d)² = 2/d²

Usifungue mabano. Chukua kipeuo cha pili pande zote: 2d = 30 + d, basi d = 30, yaani x = sm 60. Ile 20 imetokea kwa sababu mraba unameza mwelekeo; pale uga ni maradufu ya ule wa chaji moja, si sifuri. Zingekuwa +8 na +2, 20 ndiyo ingekuwa jibu na 60 ungeitupa.

Potenshali (nishati kwa kila chaji) haina mishale, ina alama tu, na umbali hauna mraba. Ukiita umbali kutoka +8 kuwa r₁ na kutoka −2 kuwa r₂: 8/r₁ = 2/r₂, yaani r₁ = 4r₂. Katikati, 30 − d = 4d, unapata x = sm 24. Kulia kwa −2, 30 + d = 4d, unapata x = sm 40, na hii ndiyo wengi huisahau. Nje ya mstari, kwenye karatasi, nukta zote za potenshali sifuri zinafanya duara lenye kitovu x = 32 na nusu kipenyo sm 8.

Usichanganye majibu hayo. Pale sm 24 potenshali ni sifuri, lakini uga ni N/C 6,250,000 kuelekea kulia. Pale sm 60 uga ni sifuri, potenshali ni volti 60,000. Uga ni mteremko wa potenshali: ukitoka −2 kwenda kulia, potenshali inapanda kutoka hasi, inavuka sifuri pale 40, inafika kileleni pale 60, halafu inashuka polepole. Kileleni hakuna mteremko, ila uko juu.