Vyeti saba ukutani, na kisigino cha mama

Dada, umeuliza hivi: mama ana miaka 81, kiharusi kimemshika upande wa kulia, anaelewa kila kitu ila maneno yanakwama. Ninyi watoto mko kazini kutwa, na mmepata nyumba ya wazee upande wa Lang'ata yenye vyeti saba vimetundikwa mapokezi. Unataka kujua kama vyeti hivyo ni dalili kwamba imekaguliwa na ni salama.

Imekaguliwa, ndiyo. Kuhusu salama, ngoja kidogo.

Mimi ni nesi. Nimefanya kazi miaka sita katika nyumba ya wazee ya kibinafsi hapa Nairobi, minne ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu. Gari la kanjo, watu wa kaunti, likisimama getini, mimi ndiye niliyekuwa naitwa. Jina la nyumba sitalitaja, na mnaonijua humu naomba mnisitiri.

Jambo ambalo familia nyingi hazijui ni kwamba ukaguzi huja vipande vipande. Kaunti inatoa leseni ya biashara. Afisa wa afya ya umma anakuja na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, anaangalia vyoo, maji, mitaro, panya na jiko. Wapishi wana vyeti vyao vya afya vya miezi sita, vile unavyopata baada ya kupeleka choo maabara. Zimamoto wana cheti chao. Nesi ana leseni ya Baraza la Wauguzi. Pakiwa na matibabu yanayotolewa hapo, KMPDC, baraza la madaktari, nao wana leseni yao ya kituo. Ongeza watu wa maendeleo ya jamii na usajili wa shirika lenyewe, hivyo saba vyako vimetimia na kupita. Vyote vinaweza kuwa halali kabisa. Ila jiko likikaguliwa, kilichokaguliwa ni jiko. Mama yako hayumo.

Nianze na zimamoto, maana hao ndio walionifunza. Siku moja alikuja afisa mtu mzima, mpole, akapita kwenye mitungi ya kuzimia moto akisoma tarehe, akaandika. Nikajua tumemaliza. Kumbe amesimama mbele ya grili ya chumba cha akina mama. Grili imefungwa kufuli kwa sababu shosho mmoja alikuwa na tabia ya kutoka usiku kwenda "kukamua ng'ombe". Akauliza ufunguo uko wapi. Ufunguo uko kwa askari. Askari yuko wapi? Ameenda dukani kununua mandazi. Tukamsubiri. Afisa hakusema neno, alikuwa anatazama saa yake tu. Dakika kumi na moja. Ndani kuna akina mama kumi na wawili, watano hawatembei.

Askari alipofika anatweta, afisa akaomba blanketi. Akamlaza sakafuni mlezi mnene kuliko sote, akakunja ncha za blanketi upande wa kichwa, akamburuta peke yake mpaka mlangoni. Akatuambia kila mlezi wa usiku ajue hilo, na ufunguo mmoja ukae kwenye msumari karibu na mlango, mahali shosho hafiki lakini mlezi anafika hata gizani. Cheti hakutupa siku hiyo. Alirudi baada ya wiki mbili, saa mbili usiku, bila simu, akaenda moja kwa moja kwenye msumari.

Huyo alikuwa mkaguzi. Wengi wa waliokuja walikuja na simu ya kutangulia, na hapo sasa nikiri dhambi yangu.

Simu ikija leo kwamba kesho kuna wageni, usiku hatulali. Shuka mpya zinatolewa stoo, zile ambazo zikikaguliwa zinarudi stoo. Jiki inamwagwa mpaka wazee wanatokwa machozi. Halafu makaratasi. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate kidonda cha kulalia, na kila ukimgeuza unaandika kwenye chati: saa nne kushoto, saa sita mgongo, saa nane kulia, sahihi. Usiku mmoja nilikaa na chati za wiki mbili na kalamu moja ya bluu, nikazijaza zote. Yangu nikatia sahihi, za wenzangu nikaiga. Kesho yake ujumbe wa wakaguzi ukafika, ukafunua kurasa, ukasema kumbukumbu zetu ni nzuri. Hakuna aliyefunua blanketi. Chini ya blanketi la kitanda cha tatu, mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli alikuwa na kisigino cheusi kama mkaa, na mwandiko wangu ulikuwa unasema amegeuzwa mara kumi na mbili jana.

Sijivunii. Nakusimulia ili ujue chati inaweza kuwa nini.

Tuliokuwa pale hatukuwa watu wabaya. Usiku tulikuwa walezi wawili kwa wazee thelathini. Kumgeuza mtu mzito kunataka watu wawili, kwa hiyo wawili hao wakiwa chumba kimoja, vyumba vingine havina mtu. Hesabu haikubali, hata ungekuwa malaika. Maji nayo ni hivyo hivyo. Mzee akinywa sana atakojoa sana, na pampasi za watu wazima ni ghali. (Kuna wanaodhani elfu mbili za kila mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, zinasaidia hapo. Kwa mzee anayebadilishwa mara tatu kwa siku, elfu mbili hazimalizi wiki mbili.) Basi bila mtu yeyote kutoa amri, mkono unaanza kuwa mzito kwenye jagi. Na uzeeni kiu chenyewe hupungua, mzee hatakuita umletee maji. Utaona tu mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, kisha anaanza kuweweseka, na familia inaambiwa "ni uzee".

Kuna afisa mmoja tu, binti mdogo wa maendeleo ya jamii, aliyetushika kwenye maji. Wenzake wako ofisini na mafaili, yeye akaketi kando ya kitanda cha shosho mmoja, akashika mkono wake, wakazungumza habari za mahindi na mvua. Katikati ya maneno akamuuliza, "Shosho, leo umekunywa maji mara ngapi?" Shosho akajibu, "Wananipa nikilia." Chati ilisema glasi nane. Binti hakupaza sauti. Alisimama akagusa ulimi wa shosho kwa ncha ya kijiko: mkavu kama karatasi. Akaandika.

Wanaosema humu kila siku kwamba shida ni chai, yaani hongo, mimi sikubaliani. Maafisa wengi niliokutana nao walifanya kazi waliyotumwa. Fomu ndiyo haikuwa na mstari wa kisigino.

Mtakumbuka Novemba 2023, kamera ya siri ya BBC ilipoonyesha nyumba moja ya wazee katika kaunti jirani, wazee wakitendewa mambo ya kutia uchungu. Wiki hiyo simu yetu haikunyamaza. Watoto ambao hatukuwaona tangu Pasaka walijaa getini na maembe. Baada ya mwezi tukarudi wale wale: sisi, wazee, na dada mmoja wa Umoja aliyekuwa anakuja kila Jumatano hata mvua inyeshe. Mama yake huyo dada hakuwahi kupata kidonda. Nakuachia uwaze kwa nini. Mimi najua kwa nini, kwa sababu Jumatano asubuhi tulianzia kitanda cha mama yake.

Wifi yangu analea wazee Leicester. Kule England wana tume moja, CQC, tangu 2009 (Scotland na Wales wana vyombo vyao). Inaweza kubisha mlango bila taarifa, inaongea na wazee na familia zao, inatoa gredi nne kutoka bora sana mpaka isiyofaa, ripoti inawekwa wazi na gredi inabandikwa mahali mgeni anaiona. Wifi anasema hata kule wasimamizi hukimbizana wakisikia wamefika. Lakini angalau anayekuja anakuja kuangalia malezi. Sisi tuna Ibara ya 57 ya Katiba, inayosema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa na wapate malezi kutoka kwa familia na serikali. Watoto wana Sheria ya Watoto ya 2022 yenye masharti kuhusu makao yao. Kwa wazee Seneti ilikuwa na muswada mwaka 2018. Nikiwa kazini, Ibara ya 57 sikuwahi kuiona kwenye fomu ya mtu.

Kwa hiyo, dada, mkaguzi wa mama ni wewe. Vyeti visome, usivipuuze: angalia tarehe ya kuisha, na jina la nesi kwenye leseni ni la mtu aliye pale kweli au ni la mtu aliyehama zamani. Muulize jina, umuone. Na ujue Baraza la Wauguzi linasajili wauguzi, si walezi. Wale wenye aproni watakaomwogesha mama kila siku, uliza walifunzwa wapi na nani anawasimamia usiku.

Kisha rudi bila kupiga simu, mara moja jioni saa kumi na moja na mara moja asubuhi mapema kabla ya zamu kubadilishana. Jioni utaona chakula. Kuna nyumba zinazolisha saa kumi na moja ili wapishi wawahi matatu, na kitu kingine kinaingia tumboni saa mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe hizo saa. Mtazame anayelishwa. Mtu wa kiharusi anatakiwa akae wima, alishwe polepole, na akikohoa kila akinywa chai basi chai inamwingia njia isiyo yake. Mlezi anayejua kazi atakwambia wanampa kitu kizito kidogo na wamemwita mtaalamu amtazame anavyomeza. Asiyejua atakwambia "amezoea".

Tazama pia wanavyowainua. Wakimshika mtu wa kiharusi mkono ule uliolegea wakamvuta nao, chukua mkoba wako uondoke. Bega hilo linaweza kuchomoka, na maumivu yake yanaweza kudumu.

Uliza ufunguo wa grili uko wapi. Usiulize mkurugenzi, muulize mlezi wa usiku, na umwambie akuonyeshe.

Mama akishaingia, omba karatasi ya dawa zake kila mwezi. Ukimkuta amelala fofofo saa saba mchana mara tatu mfululizo, uliza kama kuna dawa ya usingizi, ameiandika daktari gani na kwa sababu gani. Wodi tulivu inavutia wageni, najua, nimeipamba mwenyewe.

Na kila ukimtembelea, vua soksi. Visigino, kifundo, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini ngozi yetu haiwi nyekundu hivyo. Tumia mgongo wa mkono wako: mahali panapoanza kuharibika pana joto kuliko jirani yake, au pamekuwa pagumu, au pana weusi uliokolea kuelekea zambarau. Ukipaona siku hiyo, kuinua kisigino kwa mto chini ya shavu la mguu na kumgeuza kwa saa zake kunaweza kupaokoa. Ukipaona baada ya mwezi, unaongea habari za hospitali. Piga picha yenye tarehe, mpe msimamizi, umwambie aandike kwenye faili mbele yako. Wasipofanya kitu, nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kama ni nesi aliyekosea, kuna Baraza la Wauguzi. Na kama mama amepigwa, hiyo ni polisi, usianze na kikao cha familia.

Kuna aliyekuuliza kwa nini usimpeleke Mji wa Huruma kule Runda au kwa masista wa Kasarani. Hizo zipo kwa ajili ya wazee wasio na mtu wala kitu. Mama yako ana ninyi.

Neno moja la mwisho. Umeandika mistari mingi kuhusu ndugu zako wanavyobishana, sijaona mahali mama ameulizwa. Umesema anaelewa. Basi ziara ya pili mchukue, hata kama ni kwa kiti cha magurudumu na teksi. Usiongee sana, mtazame msimamizi. Atamsalimia mama, au atazungumza nawe juu ya kichwa chake? Tulikuwa na mlezi mmoja kutoka Kibra ambaye kila mgeni mpya akifika kwa kiti alichuchumaa mpaka macho yao yanalingana, akamwambia jina lake, kisha akanyamaza. Alinyamaza kweli, hata dakika nzima, mpaka yule mzee apate neno lake.