Nilimfungia mdogo wangu, nikajisifu nimemponya

Juzi mama mmoja wa Tabora kanitumia meseji: "Mwanangu nimemfungia ndani, leo siku ya nne, namwachisha unga. Niendelee?" Unga ndiyo heroini. Nimeisoma nikiwa Kibirizi, hapa Kigoma, kwenye dagaa, mikono ikaniisha nguvu.

Mdogo wangu alishuka stesheni ya Kigoma mwaka 2016 akitokea Dar, hana hata begi. Usiku uleule akaanza kupiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinamchuruzika, vinyweleo vimemsimama na joto lote lile la Ujiji. Bibi akasema malaria. Kumbe arosto. Mtu wa heroini akikosa kete, baada ya muda wa saa sita mpaka kumi na mbili hivi mwili unaanza kumdai. Siku ya pili na ya tatu ndiyo balaa lenyewe, mifupa inauma, tumbo linaendesha, usingizi hakuna.

Nikachukua kufuli la duka langu la mawese, nikamfungia siku kumi. Ugali nampitishia dirishani. "Kaka, kwa jina la marehemu baba, nifungulie." Sikufungua. Siku ya kumi akatoka, akala migebuka miwili peke yake, nami nikazunguka Ujiji kifua mbele. Nilikuwa nawaambia watu teja hahitaji dawa, anahitaji ndugu mwenye msimamo. Hata kwenye kikao cha harusi nililisema hilo. Wazee wakaitikia kwa vichwa, nikavimba zaidi.

Miezi mitatu baadaye alirudi Dar, akatumia kipimo chake kilekile cha zamani. Mwili ulishakisahau. Wenzake walimkuta kwenye gofu anakoroma, midomo imekuwa myeusi. Mmoja wao, teja mwenzake, ndiye aliyembeba hospitali. Mimi mwenye msimamo nilikuwa Kigoma nauza mawese.

Sasa wazazi wenzangu, nisikilizeni. Arosto kuisha si uteja kuisha; kichwa bado kinautaka unga, na mwili umeshapoteza uzoefu. Hapo ndipo wanapokufa. Usimfungie. Usimpeleke kwa watu wanaofunga mateja kwa minyororo. Piga 119, ni bure, ni simu ya mamlaka ya dawa za kulevya, uliza matibabu yako wapi. Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, tangu 2011. Narudia, usimfungie! Na ninyi mnaosema methadoni ni unga wa serikali, njooni mniambie usoni. Mdogo wangu anakunywa kikombe chake kila asubuhi mbele ya muuguzi, halafu anakwenda kuuza mitumba. Haibi. Analipa kodi ya chumba.

Mama wa Tabora nilimpigia palepale, akafungua mlango tukiwa bado kwenye simu. Nilimsikia kijana akiomba maji.

Mwaka jana mama yetu alifariki. Mdogo wangu hakuja kuzika: treni ni zaidi ya siku nzima, na kikombe cha kesho yake kilikuwa Dar. Alituma elfu hamsini ya sanda. Ilifika tumeshatoka makaburini.