Gari la Mombasa na Barabara ya Nairobi: Yashughulikie Haya Kabla Hujapakia Watoto

Gari linalolala Bamburi, Kizingo au Likoni lina maisha yake. Asubuhi linapeleka watoto shule, mchana linakaa juani, jioni linangoja feri. Kilomita 10, 15, zikizidi sana 30, na barabara yote tambarare. Kwa maisha hayo gari huweza kuficha ugonjwa mwaka mzima. Kisha shule zinafungwa, mnapanga safari ya Nairobi: kilomita 480 na ushei, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, watu watano ndani na buti halifungiki. Ugonjwa wote hujitokeza siku hiyo, na una tabia ya kujitokeza Taru, mahali ambapo kivuli chenyewe ni cha kutafuta.

Anza na maji ya rejeta, wiki mbili kabla ya safari. Nyumba nyingi Mombasa hutumia maji ya kisima, na visima vya huku vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji yana chumvi na chokaa. Ukitaka kujua yanafanya nini ndani ya injini, tazama birika la jikoni lililochemshia maji hayo miezi sita: ule ukoko mweupe chini. Ukoko huohuo huganda kwenye mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko mrija wa soda, na chumvi nayo hula aluminiamu ya injini na ya pampu ya maji. Mjini huoni dalili, kwa sababu injini haijapewa kazi ya kuitoa jasho.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko utie kidole. Maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo ni kutu. Yakiwa meupe ya kuteleza kama maziwa yaliyoharibika, huenda oili imeingia, na hapo safari isubiri fundi. Yakiwa na kutu tu, yasafishe: fungua kizibo cha chini, mwaga, jaza maji safi yasiyo na chumvi (ya mvua yanafaa, au yale yanayouzwa ya betri), washa injini mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, zima, ngoja ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke safi bila rangi. Kisha weka kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyokwisha kuchanganywa na maji nusu kwa nusu. Injini ya 1500cc huchukua lita 5 hadi 6 hivi. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho, hiyo hita ambayo Mombasa hakuna anayeigusa, na uache kifuniko wazi mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka hata kama kulanti ni mpya. Kulanti ya zamani uliyomwaga, kama ilikuwemo, usiiache kwenye beseni uani: ni sumu, na ina utamu unaomvuta mtoto.

Kifuniko chenyewe nacho kina kazi. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha kinayoizuia. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 Mombasa, na kwenye 94 hivi Nairobi kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyawezesha kupita nyuzi 115 bila kuchemka. Mpira wake ukipasuka, gari litamwaga maji mlimani na fundi atakuuzia rejeta nzima. Badilisha kifuniko kwanza.

Sasa feni. Mpando wa kutoka Miritini kwenda Mazeras una ubaya wake: uko nyuma ya trela linalokwenda kilomita 20 kwa saa, injini inavuta mzigo wote, kiyoyozi kinafanya kazi, na upepo wa barabarani haupo. Hapo feni ndiyo tegemeo pekee. Ijaribu nyumbani: washa injini, washa kiyoyozi, fungua boneti. Feni isipoanza kuzunguka ndani ya dakika moja, au ikizunguka kwa kusuasua, usiondoke. Ukiwa hapo, chungulia mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta na vya kiyoyozi. Hewa ya bahari huyageuza unga, ukigusa yanamomonyoka. Kama bado ni mazima, yasafishe kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya waosha magari huyalaza yakaziba kabisa.

Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu ya kuonyesha injini ni baridi, na nyekundu ya kuonyesha imepita kiasi. Katikati hapo, kimya. Nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, fungua vioo, weka hita kali kabisa (mtateseka, lakini ni rejeta ya pili hiyo), na utafute mahali salama pa kusimama. Taa isipozimika upesi, zima injini. Kifuniko kisiguswe kwa nusu saa au zaidi. Na usimwage maji ya baridi juu ya injini ya moto hata umati wa barabarani ukikushauri. Chuma kilicho moto hupasuka.

Tairi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha upepo, na kwa kuwa gari limetoka Japani kimeandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 7 upate psi kwa makadirio: 220 ni 32, 240 ni 35. Kipimo hicho ni cha tairi baridi. Ukipima Voi baada ya kukimbia, utakuta imepanda kwa psi 4 au 5, na kijana wa upepo atataka kuipunguza. Mkataze. Joto limeongeza upepo kama inavyotakiwa. Ukitoa, tairi ikipoa itakuwa laini, na tairi laini yenye mzigo hujikunja kila mzunguko, hupata moto ubavuni na kupasuka. Watu husema tairi hupasuka kwa kujazwa sana. Zinazopasuka barabarani mara nyingi ni zile zilizokuwa na upepo mdogo.

Tafuta pia ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la Pwani hukausha mpira hata kama gari halitembei. Tairi ya mtumba yenye kashata (michoro ya kukanyagia) nzuri na umri wa miaka 8 ni kama biskuti, inapendeza mpaka ikunjwe. Baada ya miaka 6 itilie shaka, na ukiona nyufa ubavuni usiende nayo.

Halafu fungua sakafu ya buti utazame spea. Ile nyembamba ya muda, yenye herufi T, inataka upepo wa 420 kPa, yaani psi 60, na haitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Nyingi hukutwa na psi 15. Magari mengi mapya zaidi hayana spea kabisa, yana chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo, na chupa ina tarehe ya mwisho ambayo mara nyingi imepita kabla gari halijafika bandarini. Hakikisha jeki ipo na inapanda, spana inaingia kwenye nati zako, na kama kuna nati ya kufuli, ufunguo wake umeonekana kwa macho. Spea iliyofukiwa chini ya masanduku manne na jokofu la samaki hutaifikia bila kupanga bidhaa zote kando ya barabara usiku, kwa hivyo vifaa hivi na pembetatu ya onyo viwe juu, karibu na mkono.

Kuhusu mzigo, wapimaji wa Kijapani humhesabu kila abiria kilo 55. Watu watano ni kilo 275. Baba, mama, bibi na vijana wawili wa Mombasa waliolelewa kwa biriani wamekwisha kuzivuka kabla hujatia nazi moja. Gunia la nazi na kreti ya maembe zilale sakafuni, zikibana mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya paa weka vyepesi tu, magodoro na nguo; uzito wa juu hulitikisa gari kila basi likikupita. Samaki wagande siku mbili, wafungwe kwa magazeti, waingie kwenye chombo kisichovuja. Maji ya samaki yakishapenya zulia hayatoki, na gari utaliuza nayo.

Breki hazisikiki mpaka uzihitaji. Pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina wa kutosha. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishanywa maji kidogo, hata chini ya asilimia 4, hushuka hadi 140. Yakichemka, pedali huzama kama sponji. Badilisha kila miaka 2. Unaporudi, kwenye miteremko ya Salama na ule wa Mazeras, shusha gia: kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) kiwe OFF, au weka L, S ama B, kwa namna gari lako lilivyoandikwa. Injini ndiyo ishike, breki zipumzike.

Oili ya injini pima gari likiwa tambarare, na ubebe lita moja ya ziada. Betri yenye unga wa kijani imwagie maji ya moto yenye magadi, piga brashi, pakaa grisi. Waipa zilizokaushwa na jua badilisha kabla ya mvua, hazina bei.

Ndani ya gari, tatizo kubwa ni kutapika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hivyo ile dawa ya zamani haipo. Ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 3 yenye kifuniko inafaa zaidi: haipasuki, haimwagiki, inaoshwa. Mtoto anayetapika akae mahali anapoona barabara mbele, simu iwekwe mbali, na asubuhi apewe chai kavu ya tangawizi na hamri moja. Maziwa yangoje Voi. Mabuyu mekundu na kaimati zifungiwe kwenye buti, ikiwa viti vyako ni vya rangi ya maziwa na unavipenda. Wazee washuke kila baada ya saa mbili watembee dakika kumi, miguu isivimbe. Mackinnon Road kuna msikiti wa Sayyid Baghali kando ya barabara, pazuri pa kuswali na kunyoosha mgongo. Mtito Andei ni katikati ya safari. Makindu, hekalu la Masingasinga huwapa wasafiri chakula bure, kisicho na nyama. Funikeni vichwa, sigara ziacheni nje.

Ondokeni saa 11 na nusu alfajiri, baada ya sala. Foleni ya matrela ya mizani ya Mariakani utaikuta bado haijafura. Jua pia litakuwa nyuma yenu, maana barabara inakwenda kaskazini magharibi. Anayeondoka saa 6 mchana atalibeba machoni kutoka Mtito mpaka Salama. Mkirudi Mombasa hesabu inageuka: asubuhi ndiyo inayopofusha, basi osha kioo ndani na nje.

Kulipita trela kunataka hesabu. Lina mita 18 hivi. Ukianzia mita 30 nyuma na kurudi njiani mita 30 mbele, una karibu mita 80 za kulimaliza. Likienda 70 nawe 100, unalipunguza kwa mita 8 kila sekunde, kwa hivyo utakaa upande wa wenzako sekunde 10 hivi. Muda huo wewe umekwenda mita 270, na basi linalokuja kwa 80 limekuja mita 210. Takriban nusu kilomita ya barabara tupu inahitajika, na hiyo ni kama tayari unakwenda 100. Gari la 1500cc lililojaa haliruki kutoka 70. Dereva wa trela akikuwekea indiketa ya kushoto anasema pita, ya kulia anasema ngoja. Ya kulia mwamini. Ya kushoto hakikisha kwa macho yako, yeye hajui gari lako linavuta vipi.

Kati ya Maungu na Mtito ni nyika ya Tsavo yenye wanyama wa porini. Giza likiingia, lala Voi. Tembo wa huko ana rangi ya udongo wenyewe, na taa zikimgusa umekwisha kumfikia. Mchana ni mbuzi na ng'ombe, hasa Samburu ya Kwale na Emali; mbuzi mmoja akivuka, wa pili yuaja. Nyani wakikaribia gari, funga vioo na usiwape kitu.

Mkisharudi, lioshe gari siku ya pili, hata kama mwili unauma. Vumbi jekundu la Tsavo limejaa kwenye mapezi ya rejeta na chini ya matao ya magurudumu. Likikutana na unyevu wa bahari hugeuka udongo unaoshika chumvi, na bati huanza kuliwa kimyakimya. Mpira wa maji, kutoka ndani kwenda nje, dakika ishirini, kisha pima maji ya rejeta tena injini ikiwa baridi. Yakiwa yamepungua zaidi ya kikombe, kuna mahali yanatoka.