Maswali Yenu: Kisukari Kipya, Ugali Uleule

Kijana wangu, nimepima asubuhi kabla ya kula mara mbili, ikasoma 8.9 na 9.2. Mama watoto ameacha sembe, sasa ni dona na mtama tu, nakula mpaka nashiba. Mbona sukari haishuki? – Mzee, Tabata

Shikamoo mzee. Tatizo lipo hapo kwenye kushiba. Dona haikukobolewa, hivyo ina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Lakini bado ni wanga, kama ulivyo mtama, muhogo, wali, magimbi na chapati. Dona la kujaza sahani litakupandisha kuliko kipande kidogo cha sembe. (Na hizo unga za “wagonjwa wa sukari” zinazouzwa bei mbaya, waachie wenyewe.)

Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kabichi au bamia. Robo iwe maharage, samaki, dagaa au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, usizidi ngumi yako. Viazi hesabu kwenye robo ya ugali, si kwenye mboga. Na usipikiwe chungu chako peke yako. Sahani hii inawafaa hata wajukuu.

Watu wazima wengi hulenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula. Kwa umri wako kliniki inaweza kulegeza kidogo, waulize.

Asali je? Na juisi ninayokamua mwenyewe bila sukari?

Asali ni sukari. Juisi nayo, glasi moja inameza machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi umeziacha kwenye chujio. Kula chungwa moja, basi.

Nina duka, nakaa kuanzia asubuhi hadi usiku. Gym sina muda wala hela. – Mama Neema, Mbagala

Huihitaji. Tunataka dakika 150 kwa wiki, na unaweza kuzikatakata: tembea haraka dakika 10 au 15 baada ya kula. Hapo ndipo sukari hupanda, na misuli inayofanya kazi huivuta kutoka kwenye damu hata kama insulini yako ni dhaifu. Mwachie mtoto duka, zunguka mtaa. Vaa viatu vya kufunika vidole, na kila usiku kagua nyayo.

Natumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Juzi nimekimbia kabla ya kunywa chai, nikatetemeka na kutoka jasho.

Dalili hizo ni za sukari kushuka. Zikirudi, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kisha upime baada ya dakika 15; ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Usikimbie tena na tumbo tupu, na nenda kliniki wiki hii dozi iangaliwe.

Nikipungua uzito kitapona?

Kinaweza kulala. Utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na England na kutangazwa 2017, ulichukua watu wenye uzito mkubwa waliougua kwa miaka isiyozidi sita. Baadhi yao walipewa lishe kali ya miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi, kisha wakarudishiwa chakula taratibu; ulipotimia mwaka mmoja, karibu nusu ya hao sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, karibu tisa kwa kila kumi. Walioongeza uzito tena, wengi kiliwaamkia. Dawa usiache mwenyewe, na hata kikilala, pima.