Kaunta buku la siku 366: namna ninavyoweka kalenda ya nyumba yetu

Baba yangu alifariki usiku wa Ijumaa. Ndivyo anavyosema mama, ndivyo alivyosema bibi mpaka naye akaondoka, na ndivyo wanavyokumbuka majirani wa mtaa wetu pale Tanga. Karatasi ya hospitali inasema Alhamisi, tarehe 12 Machi 2009, saa mbili usiku.

Mwaka uliofuata kaka yangu alikata tiketi ya basi kutoka Dar es Salaam ili awahi hitima ya kutimiza mwaka, tarehe 12 Machi 2010. Alifika na mfuko wa sukari na nguo mpya ya mama, akakuta hitima imeshasomwa siku kumi nyuma. Masufuria ya kukodi yalisharudishwa. Bibi alikuwa amehesabu kwa mwezi mwandamo: mwanawe alikufa Mfungo Sita, siku chache baada ya Maulidi, na Mfungo Sita umerudi. Kwake hapakuwa na cha kuulizana. Kaka alikaa barazani na sukari yake mapajani, hakusema neno mpaka magharibi.

Hakuna aliyekosea. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapozama, kwa hiyo saa mbili ya usiku ule tayari ilikuwa Ijumaa, wakati kwa hesabu ya hospitali Alhamisi ilikuwa na saa nne mbele yake. Mwaka wa mwezi nao una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa ofisini kwa siku kumi na moja hivi. Kalenda mbili zilikuwa zinaishi nyumba moja na hakuna aliyeziandika mahali pamoja. Wiki ile nilikwenda dukani nikanunua kaunta buku la kwaya nne.

Ninaandika haya kwa sababu watu kadhaa wameniomba niwaeleze ninavyolitunza daftari lile.

Kaunta buku la kwaya nne lina kurasa 384. Mwaka mrefu una siku 366. Zinabaki kurasa 18, na hizo 18 ndizo zilizoniokoa, nitazifikia. Kila tarehe nimeipa ukurasa wake: tarehe 1 Januari ukurasa wa kwanza, na kuendelea hadi 31 Desemba. Hii si shajara ya kawaida ambayo mwaka ukiisha unaifungia kabatini. Ukurasa wa leo niliuandika mwaka jana, na mwaka juzi, na nitauandika tena mwakani. Miaka inapangana ukurasa mmoja, mmoja chini ya mwingine, kama sahani. Ukifungua unaona tarehe hii mwaka 2013 mvua ilinyesha tangu alfajiri, mwaka 2017 dada alijifungua, mwaka 2020 hatukutoka nje.

Ushauri wangu wa kwanza ni huo wa nafasi: jipe mistari miwili tu kwa mwaka. Nilipoanza nilijaza nusu ukurasa kwa siku moja, kwa sababu nilikuwa na majonzi na maneno mengi. Tarehe 12 Machi iliniishia mwaka wa tatu, ikabidi nibandike karatasi kwa gundi. Mistari miwili inakulazimisha kuchagua. Usiandike "leo nimechoka". Andika kilichokuchosha.

Juu ya kila ukurasa nimeacha mistari mitano kwa ajili ya yaliyotokea duniani siku hiyo kabla yangu. Hapa ndipo watu wengi huniuliza wapate wapi matukio. Mimi nasema anza na ulipo. Nilisoma shule nikiwa napita njia ya Ras Kazone karibu kila siku, na sikujua kwamba tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka India, yalishuka pale kutaka kuuteka mji wa Tanga, yakarudishwa baharini na jeshi la Wajerumani na askari wao Waafrika, ambao kwa jumla walikuwa wachache sana kuliko wavamizi. Nyuki walitimka katikati ya mapigano wakawashambulia watu, hata wapo wanaoviita vita vya nyuki. Siku nilipoyaandika hayo kwenye ukurasa wa 4 Novemba nilitoka nikaenda kusimama ufukweni. Kulikuwa na watoto wanaoga na mtu anaosha pikipiki. Nilisimama kama nusu saa. Mahali nilipopazoea tangu utotoni pakawa pana zaidi.

Jambo la pili ni kuhakikisha, na hili nimelipata kwa aibu. Aprili mmoja niliwatumia ndugu kwenye kundi letu la simu kwamba jina la Tanzania lilizaliwa tarehe 26 Aprili 1964. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alinipigia dakika ile ile. "Mwanangu," akaniambia, "nchi iliungana siku hiyo, lakini jina hilo lilikuwa bado." Ni kweli. Hati ya Muungano ilitiwa saini tarehe 22 Aprili, Muungano ukaanza rasmi tarehe 26, na nchi ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilikuja tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Tangu siku ile tukio likiwa kubwa huwa najiuliza: hii ni tarehe ya kusaini, ya kutangaza, au ya kuanza? Azimio la Arusha nalo ni hivyo hivyo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, nasi tunaadhimisha tarehe 5 Februari lilipotangazwa. Mambo ya namna hii nayaandika kurasa zote yanapohusika, na pembeni naweka alama ndogo ya mshale kuelekeza ukurasa mwenzake.

Na ukikuta tarehe ya usiku wa manane, tulia. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Waingereza wakashusha yao, na usiku huo huo Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro na bendera na mwenge. Kiswahili kimetupa neno zuri sana hapa, "kuamkia". Usiku wa kuamkia tisa. Neno hilo moja lingemaliza mzozo wa siku aliyofariki baba, kwa maana mama angesema "kuamkia Ijumaa" na karatasi ya hospitali ingesema "Alhamisi usiku" na wote tungejua ni saa ile ile. Siku hizi kila kinachotokea baada ya magharibi nakiandika kwa "kuamkia". Nakuomba nawe ufanye hivyo, hasa kwa vifo na vizazi.

Kuhusu siku za maadhimisho, usibebe zote. Dunia ina siku ya karibu kila kitu sasa, na daftari litakuwa tangazo. Mimi nachukua zile zinazogusa mlango wetu. Saba Saba ipo, kwa sababu ni siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, kwa sababu ya maonesho ya biashara, na kwa sababu tangu mwaka 2022 tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, baada ya UNESCO kuipitisha Novemba 2021. Nane Nane ipo kwa ajili ya shangazi zangu wa Muheza wanaolima. Tazama pia tulivyozipa siku hizi majina: Saba Saba, Nane Nane. Tarehe yenyewe imegeuka jina la sikukuu, na mtoto wa miaka minne analijua kabla hajajua Julai ni nini.

Kwa vitu vidogo vya kufurahisha, tafuta ndani ya lugha yako kabla hujavitafuta kwingine. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini wiki yetu ina tano mbili. Sikuwa nimeliona maishani! Jumamosi ni siku ya mosi, unahesabu mpaka Jumatano, siku ya tano. Halafu inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa sababu wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Hesabu mbili zimekutana katikati ya wiki na Mswahili akazipokea zote mbili. Nimeliandika kwenye ukurasa wa tarehe aliyoniuliza, pamoja na jina lake na umri wake, miaka tisa.

Sasa zile kurasa 18. Humo nimeweka mambo yasiyotulia kwenye tarehe: Ramadhani, Idi zote mbili, Maulidi, Pasaka ya majirani zetu, mvua ya kwanza ya masika, siku kusi inapoingia. Kila kimoja kina ukurasa wake, na kila mwaka naandika kiliangukia lini. Hitima ya baba imo humo pia, Mfungo Sita, na tangu mwaka 2011 kaka hajakata tiketi bila kunipigia. Ukurasa wa masika ndio ninaoupenda zaidi. Nimeandika mvua ya kwanza kila mwaka tangu 2010, na shangazi wa Muheza huniuliza kabla hajapanda mahindi. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa na humwambia hivyo, lakini ananijibu kwamba anataka tu kujua miaka mingine ilikuwaje.

Wazee wa pwani walikuwa na jawabu lao kwa hili zamani. Mzee mmoja mvuvi pale Deep Sea, hapa Tanga, alinieleza hesabu ya miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua ambao watu wa Makunduchi kule Unguja huusherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa, kwa kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Miongo 36 na siku tano juu, siku 365. Kwa hesabu hiyo mvuvi alijua pepo zinageuka lini na mkulima alijua lini afyeke. Nilimwomba anisomee miongo polepole nami nikaandika. Alifumba macho, akawa anahesabu kwa vidole huku akitaja upepo wa kila mwongo, na alipofika katikati akasita, akarudi nyuma, akaanza tena. Mara ya tatu alikwama pale pale. Akaniambia marehemu kaka yake ndiye aliyekuwa akiijua yote. Ukurasa ule una mapengo hadi leo. Kama una mzee wa namna hiyo, mwendee wiki hii.

Tafakuri zako mwenyewe ziweke mwisho wa ukurasa, na usijilazimishe kila siku. Siku nyingi kwangu ni bei ya mchele na jina la mgeni. Kuna siku tukio lenyewe linakuvuta. Tarehe 20 Oktoba nimeandika habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza wa mwisho akiwa amefungwa bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Chini yake, mwaka 2014, nimeandika kwamba siku hiyo nilirudia mtihani niliokuwa nimeufeli mara mbili. Sikuongeza kitu.

Tarehe 14 Oktoba nimeandika mama anachambua mchele. Ilikuwa Alhamisi, mwaka 1999, redio inaongea nyuma yake. Iliposemwa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilikuwa mtoto, nikamwangalia nikingoja aendelee. Hakuendelea. Mchele ule ulipikwa kesho yake. Vitabu vyote vitakuambia tarehe na mahali. Ungo wa mama utaupata kwangu tu, na wewe una ungo wako ambao hakuna mwingine atakayeuandika.

Ukitaka kuanza, usingoje Januari. Fungua tarehe ya leo na uandike hapo, kurasa za nyuma zitajazwa zamu yake ikifika. Tumia kalamu ya wino mweusi, ya bluu hufifia. Funika jalada kwa nailoni. Ukisahau wiki nzima, ruka, usitunge. Tarehe 29 Februari isikutie unyonge: nilianza 2010, na ukurasa huo una 2012, 2016, 2020 na 2024 tu, mistari minane, na ndio tunaousoma kwa sauti nyumba nzima ikikusanyika.

Karatasi niliyobandika kwenye 12 Machi ina maandishi ya watu wawili. Mama alisoma chuo cha Kurani, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 2015 aliniomba kalamu. Mimi nilikuwa nimeandika mstari wangu kutoka kushoto: baba, Alhamisi, saa mbili usiku. Yeye akaanzia kulia, taratibu, akaandika kwamba usiku ule mwezi ulikuwa umetimia, na kwamba baba aliomba dirisha lifunguliwe. Hilo la dirisha nilikuwa silijui.